Kikapu cha Akiba na Kikapu cha Taka: Uhakiki wa Ikoni za Kompyuta

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta katika kurasa hizi uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi. Huenda basi wakashangaa kuona kwamba safari hii tumeamua kuhakiki vijipicha. Vijipicha tunavyovikusudia ni vile vilivyoanza kuchorwa kwenye vioo vya kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambavyo mtumiaji huvielekea kwa kipanya ili afungue waraka, auhifadhi au autupe. Vijipicha hivyo huitwa ikoni. Tumevichagua kwa sababu mbili. Kwanza, imesemwa mara nyingi kwamba ikoni ni lugha isiyohitaji kufundishwa, na dai kama hilo halifai kumpita mwalimu wa lugha bila ya kulipima. Pili, sisi wenyewe tuliwahi kuliamini dai hilo, na imani hiyo ikatugharimu. Gharama yake tutaieleza mahali pake.

Yafaa kwanza tukumbuke ikoni zilikotoka. Kabla yake, aliyetaka kompyuta imtumikie alilazimika kuiandikia amri, na amri hizo kwa kawaida zilikuwa maneno na vifupisho vya Kiingereza. Akikosea herufi moja tu, mashine haikumwelewa. Mwaka 1975 David Canfield Smith, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alitoa tasnifu ambamo neno ikoni lilipewa maana hii mpya. Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni taswira. Baadaye Smith alishiriki katika kuibuni kompyuta iitwayo Star, ambayo kampuni ya Xerox iliitangaza mwaka 1981. Juu ya kioo cha Star palichorwa vitu vya ofisini: karatasi, majalada, kabati la majalada, printa, na vikapu viwili vya barua, kimoja cha zinazoingia na kimoja cha zinazotoka. Mwaka 1983 kampuni ya Apple ikatoa kompyuta ya Lisa, na tarehe 24 Januari 1984 ikatoa Macintosh. Star na Lisa zilikuwa za bei ghali mno. Ni Macintosh iliyozifikisha ikoni mikononi mwa watu wengi zaidi.

Tukianza na upande wa fani, hatuna budi kumpa msanii haki yake. Ikoni za Macintosh zilichorwa na Susan Kare, Mmarekani mwenye shahada ya uzamivu katika sanaa kutoka Chuo Kikuu cha New York. Nafasi aliyopewa ilikuwa finyu kupita kiasi. Kioo kizima kilikuwa na nukta 512 kwa upana na 342 kwa kimo, na kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Ikoni moja ilipewa mraba wa nukta 32 kwa 32, yaani nukta 1,024. Kare alianza kazi kwa kununua daftari la miraba, akawa anajaza mraba mmojammoja kwa kalamu, kila mraba ukisimama mahali pa nukta moja. Mwenyewe amepata kueleza kwamba kazi hiyo aliiona kuwa ndugu ya sanaa za zamani, kama vile michoro ya vijiwe na ufumaji wa nyuzi kwenye kitambaa. Sisi tungeongeza kwamba ni ndugu pia ya kazi ya msusi wa mikeka. Msusi hana uhuru wa kupitisha mstari popote apendapo. Huhesabu miyaa, na pambo lake hutokana na hesabu.

Mwenye kuyajua mashairi yetu ya mapokeo ataielewa shida hiyo mara moja. Mshairi aliyepewa mizani nane kwa nane hana nafasi ya neno la kujazia tu, na mchoraji aliyepewa nukta 1,024 hana nafasi ya nukta isiyo na kazi. Tazameni saa ya mkononi ambayo Kare aliichora ili kumwambia mtumiaji asubiri. Ni duara dogo, mishale miwili na vipande viwili vya ukanda, basi. Hata hivyo hakuna aliyewahi kuivaa saa atakayeidhania kuwa kitu kingine. Tazameni pia ile kompyuta ndogo yenye uso wa tabasamu, iliyojitokeza kila mara mashine ilipowashwa ikiwa nzima. Tabasamu lile ni nukta chache mno, lakini lilimpokea mgeni kama mwenyeji amkaribishavyo mtu mlangoni. Si ajabu kwamba mwaka 2015 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yaliichukua michoro ya madaftari yake na kuihifadhi pamoja na kazi nyingine za sanaa.

Hata hivyo kuna mchoro mmoja ambao hatuwezi kuusifu. Mashine ilipokwama kabisa, kioo kilionyesha bomu la mviringo lenye utambi unaowaka. Kwa Mmarekani aliyekulia katika katuni, bomu la namna hiyo ni mzaha. Kwa msomaji wa jarida hili aliye Bujumbura, Goma au Gulu, bomu halina mzaha wowote. Wapo kati yetu waliolisikia usiku, wakalihesabu jirani kwa jirani. Hatumlaumu msanii kwa kutoyajua ya kwetu. Tunasema tu kwamba nukta zilezile, bila ya kubadilika hata moja, zilimchekesha mtu mmoja na kumshtua mwingine. Kama picha ingekuwa na maana moja kwa watu wote, jambo hilo lisingewezekana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye maudhui. Dunia iliyochorwa juu ya vioo vile ilikuwa ofisi ya Kimarekani. Jalada lilikuwa la karatasi ngumu lenye ulimi juu, pipa la taka lilikuwa la bati lenye mifuo na kifuniko. Wahakiki wengine wamelalamika kwamba vitu hivyo ni vya kigeni kwa mtu wa Afrika. Sisi hatukubaliani nao sana. Ugeni si kosa. Neno kalamu lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na kabla ya hapo lilitoka katika neno la Kigiriki la aina ya tete, kwa kuwa watu wa kale waliandika kwa tete lililochongwa. Leo mtoto wa darasa la kwanza anaishika kalamu ya plastiki wala halifikirii tete. Alama huishi kwa sababu watu wamekubaliana nayo, hata kama kitu kilichoizaa kimekwisha kusahauliwa.

Mfano bora wa jambo hili tunaupata kwa Kare mwenyewe. Kibodi ya Macintosh ilikuwa na kitufe cha kutolea amri, na kitufe hicho kilihitaji alama. Kare akapekua kamusi ya alama akaichagua moja: mraba wenye kitanzi katika kila pembe. Nchini Sweden alama hiyo huwekwa barabarani ili kumwonyesha msafiri mahali panapostahili kutazamwa. Je, kuna uhusiano gani kati ya mahali pa kutazamwa na kitufe cha amri? Hakuna. Hata hivyo alama ile imekubalika, na mpaka leo ingali kwenye kibodi za kampuni hiyo. Haikufahamika kwa sababu inajieleza. Ilifahamika kwa sababu ilifundishwa, ikarudiwa, ikazoeleka. Ndivyo maneno yafahamikavyo.

Kama ikoni ni aina ya neno, swali kubwa linalofuata ni hili: nani ana haki ya kulibadilisha? Swali hili lilijibiwa kwa njia mbalimbali. Kompyuta ya Amiga, iliyotolewa na kampuni ya Commodore mwaka 1985, iliiweka kila ikoni katika faili lake lenyewe, tena ilikuja na programu ya kuzichora upya. Katika Windows 3.1, iliyotoka mwaka 1992, mtumiaji aliweza kumwekea programu yoyote picha nyingine, na aliandaliwa faili zima la picha za akiba achague humo. Lakini makundi ya programu yote yalivaa sura moja, hata mtu akiwa na makundi kumi. Kwa upande wa Macintosh, mwanzoni mwenye kutaka kubadilisha ikoni alihitaji programu ya mafundi iitwayo ResEdit, na asiye makini aliweza kuuharibu mfumo mzima.

Mwezi Mei 1991 ulipotoka mfumo wa Macintosh uitwao System 7, mlango ulifunguliwa kwa kila mtu. Mtumiaji alichora picha katika programu yoyote ya kuchorea, akainakili. Kisha alilichagua jalada alilolitaka, akafungua dirisha la maelezo yake, akabofya ikoni ndogo iliyokuwa pembeni juu, na kuibandika picha yake hapo. Jalada likavaa sura mpya papo hapo. Akijuta, aliifuta picha ile na sura ya kwanza ikarudi. Hapakuwa na haja ya fundi wala ya ruhusa. Kwa maoni yetu, hilo lilikuwa jambo la heshima katika historia ya mashine hizi. Msomaji alipewa kalamu. Yule aliyekuwa akisoma alama za wengine akawezeshwa kuandika zake.

Sasa tuieleze gharama tuliyoitaja. Mwaka 2001 tulikuwa tukisomea stashahada ya ualimu katika chuo kimoja nchini Uganda. Chuo kilikuwa kimepata Macintosh kuukuu kutoka Uingereza, ikawekwa ofisini kwa karani, na sisi wanachuo watatu wa somo la Kiswahili tukaruhusiwa kuitumia jioni. Tulikuwa tukikusanya ngano kwa wazee wa vijiji vya jirani. Wazee walisimulia kwa lugha zao, nasi tukazitafsiri kwa Kiswahili ili tuje kuzifundishia, kwa kuwa vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilikuwa haba mno katika shule tulizozijua. Mwaka ulipokaribia kwisha tulikuwa na ngano 43 ndani ya mashine.

Mmoja wetu alikuwa na mkono mwepisi wa kuchora. Aliona haifai ngano za wazee kukaa katika jalada la karatasi ngumu kama barua za mikopo, akazichorea kikapu. Alikichora nukta kwa nukta, misuko yake ikionekana, na ukingo wake umepindwa vizuri. Kwao kikapu ni chombo cha heshima. Ndimo mavuno yanamotunzwa, na ndimo zawadi ya mkwe inamobebwa. Tukakibandika juu ya jalada letu tukafurahi. Tulifurahi kiasi kwamba tuliliondoa hata jina la jalada, tukaacha herufi K peke yake. Tulisema kwamba picha inajitosheleza, na mwenye macho ataona.

Mwenye macho aliona. Tulipokuwa likizoni, karani wetu, mama mtu mzima na mwangalifu katika kazi yake, aliagizwa kuipunguzia mashine mzigo kwa kuwa diski yake ya megabaiti 40 ilikuwa imejaa. Sasa wasomaji wazingatie jambo moja. Katika toleo la Kimarekani la mfumo ule, chini ya pipa paliandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya taka. Katika toleo la Uingereza, ambalo ndilo tulilokuwa nalo, paliandikwa neno lenye maana ya kikapu cha taka. Picha ilikuwa ya pipa, jina lilikuwa la kikapu. Mama alikuwa amejifunza kwa mashine yenyewe kwamba kikapu ni mahali pa vitu vya kutupwa. Alipokikuta kikapu kingine kimejaa karatasi, hakina jina ila herufi moja, aliamini kwamba hizo ni taka zilizokusanywa zikingoja kumwagwa. Akakivuta mpaka kwenye pipa. Pipa likatuna, kama lilivyofanya kila lilipotiwa kitu. Akatoa amri ya kulimwaga. Mashine ikamtajia idadi ya vitu na ukubwa wake, ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba anayo.

Tuliporudi tuliweza kuzipata upya ngano 26 kutoka katika madaftari yetu. Zile 17 nyingine tulikuwa tumezichapa moja kwa moja kutoka kwenye kanda za kurekodia, na kanda hizo tulikuwa tumezirekodia tena kwa kukosa fedha za kununua mpya. Tulikwenda tena vijijini. Wazee wawili waliokuwa wametusimulia nyingi kati ya hizo 17 walikuwa wamekwisha kufariki.

Nani aliyekosea? Kwa muda mrefu tulimlaumu mama yule kimoyomoyo, na leo tunaona aibu kwa lawama hiyo. Mama alisoma sawasawa. Sisi ndio tulioandika vibaya. Tulitunga neno jipya, tukalitumia mahali pa watu wengi, wala hatukumwambia mtu maana yake. Tena tulilitunga kwa kutumia sauti ambayo tayari ilikuwa na maana nyingine katika lugha ya mashine ile. Hata wabunifu wenyewe walikuwa wamegongana juu ya kitu hikihiki. Kwenye Star kikapu kilikuwa cha barua, kitu cha kupokelea. Kwenye Lisa, miaka miwili tu baadaye, kikapu kilikuwa cha taka. Ikiwa mafundi wa nchi moja na taaluma moja hawakuafikiana juu ya kikapu, sisi tulipata wapi ujasiri wa kuamini kwamba kikapu chetu kingejieleza?

Huenda mwenzetu mmoja akasema kwamba basi haki ile ya kubadilisha ikoni isingetolewa kamwe, na kwamba ni heri kila jalada lifanane na jingine kuliko ngano kupotea. Tunaiheshimu hoja hiyo, lakini hatuikubali. Kwa kuogopa makosa ya wasemaji, tungeweza kuwakataza wasibuni maneno mapya, na Kiswahili kingebaki na msamiati wa karne zilizopita. Lugha haikui hivyo. Mtu mmoja hubuni, wengine huelezwa, wakalijaribu neno, wakalikubali au wakalitupa. Kosa letu halikuwa kubuni. Lilikuwa kubuni na kunyamaza. Isitoshe, majalada yanayofanana yote nayo hupotea, kwa sababu asiyeona tofauti hawezi kuchagua.

Uamuzi wetu kama wahakiki ni kwamba ikoni za kwanza za Macintosh ni sanaa iliyokamilika kifani, na kwamba uhuru uliotolewa mwaka 1991 ulikuwa mkubwa kuliko wengi walivyoutambua. Dosari imo katika lile dai lililoambatana nazo, kwamba picha imeishinda lugha. Picha haijaishinda lugha. Pamoja na ikoni, kwenye mashine tulizozitaja, palikuwa na jina, na jina hilo ndilo lililobeba maana pale picha iliposhindwa. Katika mashine yetu jina la pipa lilikuwa na nguvu kuliko picha yake. Jina la jalada letu tulilifuta sisi wenyewe.

Kwa walimu wenzetu jambo hili si la zamani. Wanafunzi wetu wanashika simu zilizojaa ikoni, na wanaambiwa yaleyale tuliyoambiwa, kwamba hazihitaji kufundishwa. Tunapendekeza kipindi kimoja tu kitengwe kwa ajili yake. Mwalimu awachoree ubaoni ikoni tano bila ya majina, kila mwanafunzi aandike jina la kila moja kwa Kiswahili bila ya kuongea na jirani yake, kisha majibu yasomwe kwa sauti. Tumelifanya zoezi hili mara kadhaa. Darasa hucheka, kisha hubishana, na katika ubishi huo wanafunzi huanza kuona kwamba maana ni mapatano, na kwamba asiyeshiriki kuyafanya huishi kwa mapatano ya wengine. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka majina ya vitu hivi yawepo kwa Kiswahili, nasi tuwe miongoni mwa wanaoyapendekeza na kuyajadili.

Zile ngano 26 tunazo hadi leo, katika nakala tatu, mahali patatu mbalimbali. Mwenzetu alikichora kikapu chake upya kwa ajili ya kompyuta ya sasa, safari hii kwa rangi. Chini yake tumeandika kwa maneno kamili: Ngano za Wazee, Zisitupwe.